Kijiko cha Kuonjea Bia

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kuonja bia za watu. Sikuwa kiwandani wala sikuvaa koti jeupe. Nilikuwa mhudumu kwenye baa ya baba yangu pale Lusahunga, na mteja akiagiza bia nilimletea chupa, nikaifungua mbele ya macho yake, kisha kabla hajaigusa nikainywa mimi kwanza. Funda moja. Halafu nikamkabidhi na kumwambia karibu.

Sasa mchukue dereva wa lori ambaye tangu jana anaendesha kuelekea Rusumo, koo limekauka, anaiwaza bia hiyo tangu Kahama, halafu mfanyie hivyo. Wa kwanza aliniangalia, akaiangalia chupa, akaniuliza taratibu kama nina kiu. Nikamwambia sina. Akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikamwambia mgonjwa ni yeye. Wa pili alidhani ni huduma mpya ya kunogesha biashara, akanivutia kiti nikae tunywe wote, nikamwambia akome. Mimi hasira zangu ziko karibu, sijui kuzificha, na baa si mahali pa kujifunzia.

Nieleze, maana najua msomaji wa mbali keshaniona mlevi. Kwetu Nyamiaga, na Ngara yote ninayoijua mimi, mtu hakupi pombe bila kuionja yeye kwanza. Mwenye pombe anainama, anavuta, anameza, unaliona koo lake likipanda na kushuka, ndipo anakupisha. Maana yake nimekunywa, sijafa, kunywa na wewe. Watu wetu wanaogopa sumu kuliko radi. Ukimpa mgeni kinywaji bila kuonja umemtukana, na hata kama hakufa atakwenda nyumbani akilisikiliza tumbo lake mpaka kesho.

Na baa yetu haikuanza kama baa. Ilianza kama bibi.

Bibi, mama yake baba, alihama Nyamiaga kuwafuata wanawe wawili waliokuja Lusahunga kwa ajili ya barabara. Pale malori yanasimama, na lori likisimama kila mtu anakumbuka ana kitu cha kuuza: mahindi ya kuchoma, sigara, maji, mbuzi mzima. Bibi alifika na mtumbwi wake wa mbao wa kukanyagia ndizi, mtungi mmoja mkubwa, na mirija aliyoifunga kamba kama mzigo wa kuni. Akajengewa banda la nyasi nyuma ya nyumba ya mwanawe mdogo, yaani baba yangu, akaanza kupika rubisi, ile pombe yetu ya ndizi.

Banda lilikuwa na magogo mawili na mtungi katikati, basi. Kila mnywaji alichomeka mrija wake kwenye mtungi uleule. Fundi baiskeli, Msukuma mwenye ng'ombe wa huko Nemba, mzee wa Kirundi aliyekuwa akisuka vikapu, mwalimu mkuu, wote vichwa vimekaribiana mpaka kofia zinagongana. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanachungulia kitu ndani. Bibi alikuwa na usemi wake kwamba huwezi kumnunia mtu ambaye paji lake la uso linagusana na lako, na kweli, ugomvi wa mifugo na wa mipaka ulikuwa unaisha pale pale, kwa sababu aliyenuna alipaswa ama kuinama na wenzake ama kukaa na kiu.

Halafu baba akaenda Biharamulo mjini. Alikwenda kutafuta mabati, akapita kwenye baa moja, akakaa kwa mara ya kwanza kwenye kiti cha plastiki chenye mikono, mezani peke yake, na bia yake mwenyewe. Alirudi kama mtu aliyeokoka. Kwa wiki nzima hakuzungumzia kitu kingine ila viti. Alisema watu wa leo hawataki kugongana vichwa, wanataka nafasi, wanataka mtu kuwekewa kitu chake mbele yake. Banda likabomolewa. Zikaja tofali, bati, sakafu ya saruji, viti vyekundu, runinga, na friji iliyoshushwa kwenye lori huku nusu ya Lusahunga imesimama kuitazama. Mtungi wa bibi ukasukumwa nyuma ya jiko.

Siku za mwanzo bibi alikaa kwenye kiti chekundu kona ya mlangoni, miguu haifiki chini, akichunguza. Alishangaa wateja wakiulizwa kama wanataka ya moto au ya baridi, akaondoka kimya kimya kwenda jikoni kutafuta sufuria ya kuchemshia bia. Alipokosa sufuria alirudi, akawatazama tena wateja, kila mmoja na meza yake na chupa yake, akaniambia, "Mjukuu wangu, hawa wanakunywa kama wagonjwa wodini. Kila mtu na dawa yake."

Siku ya ufunguzi ndiyo iliyoharibu kila kitu, na mimi nilikuwepo nimeshika trei.

Mgeni rasmi alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba. Anaishi ng'ambo ya barabara, mlango wake unatazamana na wetu. Alikuja na koti, na kofia ameipiga brashi, akakaa meza ya mbele. Baba alitaka kufanya mambo ya mjini. Akaenda nyuma, akafungua chupa hukohuko, akaizungushia karatasi laini shingoni, akaja nayo pamoja na glasi, akaiweka mezani na kurudi hatua moja nyuma huku mikono ameifunga. Baba mkubwa akasubiri. Baba naye akasubiri. Watu wote tukasubiri.

"Mbona hujaonja?" baba mkubwa akauliza.

Baba akacheka. Namjua baba, kilikuwa kicheko cha woga, maana wafanyabiashara wa sokoni walikuwa wanamtazama. Akasema bia hii imetoka kiwandani, na mambo ya kuonjana tumeyaacha Nyamiaga. Watu wakaangua kicheko. Baba mkubwa akasimama, akaichukua ile chupa na kuimimina yote kwenye sakafu mpya. Ilichukua muda, kwa kuwa shingo ya chupa ni nyembamba. Ilipoisha akaiweka chupa mezani kwa adabu, akasema kuanzia leo hana mdogo, ana muuza bia tu. Akavuka barabara kwenda kwake.

Nilidhani ndiyo basi. Kesho yake saa nane mchana huyu hapa! Friji ilikuwa moja tu upande ule, na baba mkubwa alikuwa amekwisha kuionja bia ya baridi mahali pengine, safarini, na ikamwingia. Akachukua kiti, akakigeuza, akakaa akiipa kaunta mgongo. Akaniita, akaagiza moja, ifunguliwe mbele yake, na niionje mimi. Alinieleza bila ubaya wowote kwamba mimi ni damu ya mwenye baa, hivyo kama ina kitu, acha kianze na mtoto wake. Kisha akauliza mama yangu anaendeleaje na malaria.

Baba alipoona hivyo naye akaleta kiti chake, akakigeuza, akakaa akimpa mgongo kaka yake. Wakakaa hivyo miaka sita. Wewe hebu fikiri. Migongo miwili, katikati nafasi ya hatua moja, na mimi ndani ya hiyo hatua moja na trei.

Walikuwa wakizungumza kupitia kwangu, ingawa kila mmoja alimsikia mwenzake vizuri sana. Baba mkubwa atasema, mwambie mwenye baa kiti hiki kinayumba. Baba atasema, mwambie mteja kiti hakiyumbi, anayumba mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa nageuka huku na huku kufikisha ujumbe kwa adabu zote. Baadaye nikawa nasimama tu na kusema, "Umesikia?" Kilichoniuma ni salamu. Kila siku nilimwamkia baba mkubwa shikamoo, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya kuvuka barabara, ili yule aliye nyuma yake asikie kitu ambacho hamtolei kaka yake. Baba alikuwa anajikuna sikio. Hakuwahi kuitoa.

Na ule uonjaji nao ukaenea. Wateja wa kutoka Ngara walipoona mzee yule anaonjewa, nao wakataka. Warundi wakataka. Wasukuma, ambao kwao hata si jambo kubwa hivyo, wakataka kwa sababu jirani amepata. Baba akanuna wee, mwisho akanyamaza kwa kuwa meza zilikuwa zinajaa. Ila mimi ndiye niliyekuwa na koo. Funda moja si kitu, lakini funda moja mara wateja wote wa siku ya gulio ni jambo lingine kabisa. Ikifika saa kumi nilikuwa nawapenda wateja wote kwa moyo wangu wote, hata wale wabaya. Jumatano moja nilikwenda mazoezi ya kwaya nikaimba sauti ya nne, na mimi ni sauti ya kwanza. Mwalimu wa kwaya akaniomba nipumzike kidogo. Nililia barabarani kutoka kanisani mpaka nyumbani, na nikalia vizuri zaidi kuliko kawaida kwa sababu ya zile bia.

Ndipo nikabuni kijiko. Kijiko cha chai, cha bati, nimekitoboa na kukivaa shingoni kwa uzi. Nafungua chupa, namimina tone kwenye kijiko, nakunywa, nameza mteja akiona, nakifuta, namkabidhi. Baba mkubwa alikitazama kwa siku mbili kabla ya kukikubali. Alitaka kwanza kuhakikisha kijiko chenyewe hakina kitu, nikakilamba mbele yake kikavu.

Kijiko ndicho kilichotutangaza. Madereva walianza kuhadithiana huko Kahama na Nyakanazi kwamba Lusahunga kuna binti anayepima bia kwa kijiko, na bia ikipimwa naye haikuumizi kichwa asubuhi. Mimi sikusema hivyo, walisema wao. Walikuja kwa makusudi. Dereva mmoja aliniomba nikimaliza bia niende nikamwonjee na dizeli, alikuwa na wasiwasi nayo. Baa nyingine mbili zilizofunguliwa baada ya yetu zikaweka wahudumu wenye vijiko, na kimoja, nasikia, kilikuwa cha uji. Baba, aliyeyaacha mambo ya kuonjana Nyamiaga, sasa alikuwa na baa inayojulikana kwa kuonja tu, na alilijua hilo, na kila nilipopita na kile kijiko alijikuna sikio.

Aliyekuwa haoni raha katika haya yote alikuwa bibi.

Bibi alikuwa na mazoea ya kufa. Mara moja au mbili kwa mwaka alituita wote, akajilaza mkekani, akatuaga mmoja mmoja, akagawa kanga zake. Wosia ulikuwa uleule: hataki jeneza la gharama, hataki hotuba ndefu, anataka kabla hajafunga macho awaone wanawe wakinywa kwenye mtungi mmoja. Wanawe walikuwa wakimsikiliza, mmoja upande huu wa mkeka na mwingine upande ule, kila mmoja akiangalia ukuta wake. Kisha harufu ya maandazi ya mama ingeingia, bibi angeketi, angeomba mawili na chai, na kesho yake angepita nyumba kwa nyumba kudai kanga zake. Tulizoea. Mimi kanga yake nilikuwa naiweka tu juu ya sanduku, sikuona haja ya kuikunja.

Mwaka huu uliopita aliaga tena, akagawa tena, na safari hii hakuzidai. Siku ya tatu niliiangalia ile kanga juu ya sanduku, nikaikunja. Alikuwa haamki tena peke yake. Miguu ilivimba. Hospitali walituambia kwa upole tumrudishe nyumbani tumpe anachopenda kula.

Basi nikapandwa na hasira. Nilimfuata baba nyuma ya kaunta nikamwambia mama yake anakufa na bado yeye anacheza mchezo wa viti. Akasema aanze yeye. Nikavuka barabara, nikamwambia baba mkubwa vilevile, tena kwa sauti ambayo si ya kumwambia mkubwa. Akanisikiliza mpaka mwisho, akajikuna sikio, akasema aanze yeye. Sikio lilelile, upande uleule. Nilirudi nikakaa kitandani kwa bibi nikalia kwa hasira. Bibi akanisubiri nimalize. Kisha akasema anataka kupika rubisi.

Nikamwambia bibi, huwezi hata kusimama. Akasema hakuniuliza habari za kusimama. Akanituma kwa baba mkubwa: mwambie mama yake anataka ndizi nzuri za kutoka Nemba na mtama uliokaangwa, na asiulize za nini. Hakuuliza. Alizileta mwenyewe kwa baiskeli, akapitia mlango wa nyuma, mtama ameukaanga kwa mikono yake, vidole vimeungua. Ndizi zilipoiva bibi akanituma kwa baba: mwambie mama yake anaomba miguu yake. Baba akavua viatu na soksi, akakunja suruali, akaingia kwenye mtumbwi na kukanyaga ndizi pamoja na majani asubuhi nzima, akilalamika kiuno, na bibi amelala pembeni mlangoni anamwelekeza akanyage kona. Hakuuliza ndizi zimetoka wapi. Mimi nilikuwa nimekatazwa kusema, na kukaa kimya kuliniuma kuliko kazi yote.

Jumapili iliyofuata hapakuwa na bia. Lori la bia lilikuwa limelala mtaroni huko njiani, dereva mzima, kreti ndizo zilizoumia. Baba mkubwa akaja baada ya ibada, akakaa na mgongo wake, akaniita. Nikamwambia hakuna. Akasema, mwambie mwenye baa kwamba baa bila bia ni nyumba ya mtu. Baba akasema, mwambie mteja kwamba nyumba ya mtu ina mlango. Lakini hakuna aliyeondoka. Nje manyunyu, ndani wateja kama kumi wameshika simu zao.

Ndipo bibi akaingia. Wafugaji wawili walikuwa wamembeba juu juu na kiti chake chekundu, amejifunga kitenge cha kanisani, na nyuma yake mama yangu anauburuta mtungi juu ya gunia. Watu wote wakasimama. Shikamoo zikamiminika. Bibi akaelekeza mtungi uwekwe juu ya kiti pale kwenye ile hatua moja, katikati ya migongo miwili, yaani mahali pangu pa kazi. Halafu akawaambia wanawe wageuke.

Hakuna aliyegeuka. Niliona shingo ya baba ikikakamaa, na ya baba mkubwa vilevile. Nilitamani niwapige na trei wote wawili. Bibi hakubembeleza. Akanituma nje kwenye mpapai nikate majani mawili yenye vikonyo virefu kuliko vyote. Kikonyo cha mpapai kina uwazi ndani, watoto wote wanajua. Nikavikata vikonyo, nikavisafisha, nikarudi navyo, kila kimoja karibu urefu wa mkono wangu.

"Kama hamtaki kugeuka, msigeuke," bibi akasema. "Sikuwaita mtazamane. Nimewaita mnywe."

Nikachomeka vikonyo kwenye mtungi na kuvipindisha taratibu, kimoja kikapita juu ya bega la baba, kingine juu ya bega la baba mkubwa. Baba mkubwa akakitazama kile kikonyo kilichomtokea karibu na shavu. Akaniambia nimuulize mwenye pombe kama ameonja.

Bibi akasema vema, mwana wangu ana adabu, mwenye pombe lazima aonje. Akauliza ndizi za Nemba alileta nani. Akauliza mtama alikaanga nani. Baba mkubwa akaficha vidole. Akauliza miguu iliyokanyaga ni ya nani, na safari hii wateja wakaitazama miguu ya baba. Bibi akasema yeye humo ndani hana chake ila mtungi. Pombe ina wenyewe wawili, na wote wawili waonje.

Nilikuwa nimesimama ubavuni, mtu pekee aliyeweza kuziona nyuso zote mbili, na niliwaona wote wakiyapiga mahesabu na kukosa pa kutokea. Kukataa kuonja pombe yako mwenyewe ni kukiri kwamba ina kitu. Baba mkubwa akafumba macho, akakishika kikonyo kwa meno. Baba akakishika chake. Wakavuta kwa pamoja. Utomvu wa mpapai ni mchungu, jamani, na nyuso zile mbili zikakunjamana kwa namna ile ile, pua ileile ikapanda juu, na mimi nikaangua kicheko peke yangu kama kichaa.

Hawakuacha. Walivuta mpaka wateja wakakaa chini tena. Rubisi ya bibi ilikuwa nzuri, na miaka sita ni mingi. Mtungi ulipoanza kupungua, kikonyo cha baba, ambacho kilikuwa kifupi kidogo, kikaanza kuvuta hewa. Kila mtu alisikia kile kikoromo. Baba akaendelea kuvuta hewa tu na mashavu yamebonyea, kuliko akubali kwamba ameishiwa.

Baba mkubwa akasikiliza. Akapeleka mkono nyuma, bila kugeuka, akapapasa mpaka akaupata mdomo wa mtungi, akauinamisha kumwelekea mdogo wake.

Ila alikuwa haoni. Akauinamisha mno. Rubisi ikamwagika yote ndani ya kola ya baba, ikateremka mgongoni, ikaingia suruali ya Jumapili, na baba akaruka kama aliyekalia siafu. Mtungi ukapoteza mizani. Wote wawili wakageuka kuuwahi, wakaudaka, mikono minne, magoti chini kwenye saruji ileile iliyomwagiwa bia siku ya ufunguzi, na paji la uso la huyu likagonga la yule kwa kishindo.

Wakabaki hivyo. Rubisi inamdondoka baba kidevuni.

"Shikamoo, kaka," baba akasema.

Baba mkubwa alimtazama sana. Chumba kimoja miaka sita, na hakuwa ameuona uso ule.

"Marahaba," akasema. "Umezeeka."

Mimi nilikuwa nalia na kucheka, na kijiko changu kinanigonga kifuani. Kisha tukakumbuka wosia, tukageuka wote kwa hofu kumwangalia bibi, maana alikuwa amesema akiliona hili tu atafunga macho. Macho yalikuwa wazi kabisa. Akauliza tunamtazamia nini. Akauliza kama ile bia ya moto imebaki hata moja, hajawahi kuionja. Nikamwambia lori liko mtaroni. Akasema basi atalisubiri.

Alilisubiri. Lilipokuja nilimfungulia moja, nikaionja kwa kijiko, akanywa kidogo na kusema ina ladha ya sarafu. Akaniachia iliyobaki. Aliishi wiki tano zaidi, na jioni zote tano za Jumapili wanawe walimbeba wenyewe na kiti chake kumleta baa. Aliondoka asubuhi moja ya kawaida, mama akiwa anakaanga maandazi. Harufu ikaingia ndani na bibi hakuketi. Hapo ndipo nilipojua.

Siku ya tatu baada ya mazishi watu walirudi kukaa baa kidogo, kwa kuwa nyumbani palikuwa na ukimya mwingi. Baba na kaka yake walikuwa meza moja. Bia za chupa walikuwa wamezirudia, na kazi ya kuonja ilikuwa bado yangu. Baba hakuwahi kuifanya, na baba mkubwa hakuwahi tena kuidai kwake. Baba mkubwa akaagiza moja. Nikaitoa kwenye friji, nikaja nayo, nikakishika kijiko.

Baba akanizuia kwa mkono. Akaichukua ile chupa, akasimama, akaifungua mbele ya macho ya kaka yake. Akainywa funda moja, taratibu, kichwa ameinua, na sote tukaliona koo lake likipanda na kushuka. Halafu akaipeleka.

Baba mkubwa akavua kofia na kuipokea kwa mikono miwili.

Nikaenda jikoni, nikakata uzi shingoni, nikakiosha kile kijiko na kukitia kwenye kopo la sukari.